Siku mbili Bruxelles: tuliona nini, na tuwaambie nini vijana wetu?



Baadhi yetu tulipata nafasi ya kupita Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji, kwa muda wa siku mbili tu, baada ya mkutano wa walei uliotupeleka Ulaya. Tangu turudi Bukavu, swali tuliloulizwa mara nyingi kuliko yote, parokiani na katika mikutano ya shirika, ni hili: «Picha ziko wapi?» Picha zipo, ingawa ni chache. Lakini tumegundua kwamba haziwezi kueleza yote tuliyoyaona, na nyingine, zikitazamwa peke yake, zinadanganya. Ndiyo maana tumeona vema kuwaandikia.

Maoni yetu tunayaweka wazi tangu mwanzo. Kijana wa Bukavu anayejaliwa kutembelea mji wa kale wa Ulaya, hata kwa saa chache, asiikatae nafasi hiyo. Ila asiende kama mtu aliyeingia dukani bila hata franka moja mfukoni, akabaki kutazama vitu vya wengine kwa macho ya tamaa. Aende kama mtu anayefunua daftari la hesabu ambamo jina la jamaa yake limeandikwa, asome kwa utulivu, aulize nani alitoa na nani alipokea.

Injili ya Marko inasimulia habari ya mwanafunzi aliyetoka hekaluni akiwa ameshangazwa na ukubwa wa mawe na uzuri wa majengo, akataka Bwana naye ayatazame. Muda mfupi kabla ya hapo, Yesu alikuwa ameketi mbele ya sanduku la hazina la hekalu lile lile, akimtazama mjane maskini aliyetia senti zake mbili. Mahali ni pamoja, macho ni tofauti. Mwanafunzi aliona mawe. Bwana alimwona mtu aliyetoa riziki yake yote. Tulijaribu kutembea Bruxelles tukiwa na simulizi hilo moyoni.

Uwanja uliojengwa upya

Kila mgeni huanzia Grand-Place, uwanja mkuu wa mji wa kale, nasi tulianzia hapo. Ni uwanja uliozungukwa na nyumba ndefu, nyembamba, zilizosongamana bega kwa bega, kuta zake zikiwa zimepambwa kwa sanamu na dhahabu. Upande mmoja limesimama jumba la mji, lililojengwa katika karne ya 15, na mnara wake una urefu wa mita 96. Kwenye kilele cha mnara huo yuko Malaika Mkuu Mikaeli, msimamizi wa mji, akimkanyaga Shetani.

Mmoja wetu alisema kwa uchungu: «Dhahabu hii yote ni yetu.» Tulipaswa kumsahihisha, kwa maana ukweli hauna budi kusemwa hata pale unapopunguza ukali wa malalamiko yetu. Nyumba zile hazikujengwa kwa mali ya Kongo. Mwezi Agosti 1695 majeshi ya Louis wa Kumi na Nne, mfalme wa Ufaransa, yaliupiga mji ule kwa mizinga siku kadhaa mfululizo. Uwanja wote uligeuka majivu na vifusi, isipokuwa sehemu za jumba la mji. Walioujenga upya ni vyama vya mafundi: waoka mikate, maseremala, wachinjaji, wanamaji wa mtoni, washonaji. Kila chama kilijenga nyumba yake, na baraza la mji likasimamia ramani ili nyumba zipatane. Katika muda wa miaka mitano hivi, kazi kubwa ilikuwa imekwisha.

Tulisimama pale kwa muda mrefu kuliko tulivyopanga. Sisi tunaotoka katika mji uliofikiwa na vita mara nyingi, mwaka 1996, 1998, 2004, na tena Februari 2025, tulikuwa na sababu ya kusimama. Tuliona kwamba mji unaweza kuinuka, na kwamba waliouinua huu walikuwa watu wenye ufundi mikononi, waliokubali kuchanga na kufuata utaratibu mmoja. Hilo ndilo somo la kwanza tuliloliweka katika mzigo wetu.

Mji unapoficha gharama zake

Siku iliyofuata tulikwenda upande wa mashariki. Hapo kuna tao kubwa la mawe lenye milango mitatu, lililokamilika mwaka 1905 kwa ajili ya kuadhimisha miaka 75 ya uhuru wa Ubelgiji. Watalii hulipenda sana. Jioni mwanga hupita kati ya nguzo zake kwa uzuri wa kweli. Hapa ndipo daftari letu la hesabu linapobadilika. Serikali ya Ubelgiji haikutaka kuendelea kugharimia ujenzi ule, na Mfalme Léopold wa Pili akaumaliza kwa fedha zilizotoka katika faida zake za Kongo, zikipitia mikononi mwa watu wengine.

Vijana wengi hawafahamu vema jambo hili, kwa hiyo tulieleze. Tangu mwaka 1885 hadi 1908 nchi yetu haikuwa koloni la Ubelgiji. Ilikuwa mali ya mfalme binafsi. Watu wa vijiji vya misituni walilazimishwa kuleta utomvu wa mpira kwa kiasi kilichopangwa. Asiyekitimiza alipigwa, mke wake alishikwa mateka, na katika mahali pengi mikono ilikatwa. Mwaka 1908, baada ya kelele nyingi za wamisionari, waandishi na watu wengine wenye dhamiri katika mataifa mbalimbali, mfalme alilazimika kuiachia Ubelgiji nchi hiyo. Yeye mwenyewe hakukanyaga Kongo hata siku moja.

Karibu na tao hilo mtu hupanda tramu namba 44, inayopita chini ya miti mirefu ya msitu wa Soignes mpaka Tervuren. Huko ndiko liliko jumba la makumbusho la Afrika ya Kati, lililofunguliwa mwaka 1910 na kufunguliwa tena mwishoni mwa mwaka 2018 baada ya matengenezo ya miaka mitano. Ndani yake kuna vinyago, ngoma, viti vya wafalme, na mtumbwi mmoja wenye urefu wa zaidi ya mita 22. Vijana, ni jambo la ajabu kuona vyombo vya babu zako vimefungiwa katika vioo, vimeandikwa namba, na wewe umelipa tiketi ili uvione.

Lakini chumba kilichotugusa kuliko vyote hakina vyombo. Kina ukuta mrefu wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo kabla ya nchi kukabidhiwa Ubelgiji. Kwa miaka mingi hapakuwa na jina hata moja la Mkongo pale. Katika matengenezo ya juzi, mchonga sanamu Freddy Tsimba wa Kinshasa alipewa nafasi ya kujibu. Hakuugusa ukuta. Aliandika kwenye vioo vya madirisha yanayoukabili majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji. Jua likiwaka, kivuli cha majina hayo hupita taratibu juu ya yale yaliyochongwa. Siku tuliyofika mawingu yalikuwa mazito. Tuliketi tukangoja. Jua lilipotokea kwa dakika chache, tuliyaona majina yakitambaa ukutani, kisha yakatoweka.

Miongoni mwa majina hayo kuna ya watu saba. Mwaka 1897, kwa amri ya mfalme, Wakongo 267 walivukishwa bahari wakawekwa katika bustani ya Tervuren, ndani ya vijiji vilivyojengwa kwa ajili ya maonyesho. Zaidi ya watu milioni moja walikuja kuwatazama wakipika, wakipiga kasia, wakicheza ngoma. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa cha baridi na mvua. Watu saba waliugua mapafu wakafa. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili, mwendo mfupi kwa miguu kutoka makumbusho. Ekia, Zao, Kitukwa, Mpeia, Mibange: haya ni baadhi ya majina yao.

Hapakuwa na mtalii mwingine pale. Mawe saba, bamba, majani yaliyokatwa vizuri. Tulisali sala ya marehemu kwa Kiswahili, polepole, tukiwaza kwamba huenda miaka mingi imepita bila mtu kusali pale kwa lugha inayozungumzwa nchini kwao. Hatukupiga picha. Wale watu walikwisha kutazamwa vya kutosha.

Farasi wa mfalme na uwanja wa Lumumba

Tuliporudi mjini tulipita karibu na jumba la kifalme, mahali ambapo Léopold wa Pili amesimamishwa juu ya farasi. Bamba lililowekwa pale linasema wazi kwamba shaba na bati vilivyoitengeneza sanamu hiyo vilitoka Kongo, vikatolewa na kampuni ya madini ya Katanga. Kwa hiyo hata mwili wa sanamu yake ni madini yetu.

Kutoka hapo, ukitembea dakika chache tu, unafika mlango wa mtaa wa Matonge. Hapo kuna uwanja mdogo uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018. Sisi wa Bukavu, tuliozoea barabara yetu kuu ndefu yenye jina hilo, tuliuona uwanja ule kuwa mdogo mno. Hata hivyo hatukuudharau. Mtu huyo aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 na mwili wake ukaangamizwa. Jino lake moja tu ndilo lililobaki, likihifadhiwa Ubelgiji, mpaka liliporudishwa kwa familia yake mjini humo tarehe 20 Juni 2022. Mfalme Philippe alikwisha kuandika mwaka 2020 kueleza majuto yake kwa majeraha ya ukoloni, na Juni 2022 alifika hapa kwetu Bukavu, hospitalini Panzi. Majuto si malipo. Tunalisema hilo bila hasira. Lakini nchi inayoanza kusema ukweli juu ya sanamu zake imepiga hatua ambayo sisi wenyewe, katika mambo yetu, bado hatujaipiga.

Tukumbuke pia kwamba Bruxelles ni sehemu ya historia ya uhuru wetu. Mkutano wa Meza ya Duara, Januari na Februari 1960, ulifanyika huko. Huko ndiko ilikopangwa tarehe 30 Juni. Na huko ndiko Joseph Kabasele na wanamuziki wa African Jazz walikoutumbuiza kwa mara ya kwanza wimbo wa uhuru ambao wazee wetu wanaujua hadi leo. Miongoni mwa vyama vilivyowakilishwa kilikuwamo CEREA, kilichozaliwa hapa Bukavu mwaka 1958. Watu wa mji wetu walitembea katika barabara zile zile, na hawakwenda kutalii.

Mama wa Matonge

Matonge ya Bruxelles imepewa jina la Matonge ya Kinshasa. Kuna maduka ya vitenge, vinyozi, samaki wakavu, sombe, unga wa muhogo, muziki mlangoni. Tulikula ugali tukasikia raha. Katika duka moja tulimkuta mama mwenye asili ya Bukavu. Alipotusikia tukizungumza, alitujua kabla hatujajitaja. «Wanangu, mmetoka Kadutu ao Bagira?» alituuliza, akacheka, kisha akakaa kimya kidogo.

Alitueleza habari zake. Anasafisha ofisi kabla ya mapambazuko, halafu anakuja dukani. Jumapili huvaa vizuri, hupigwa picha uwanjani, huituma nyumbani. «Ile ya Jumapili ndiyo wanaiona,» alisema. «Ya Jumatatu sijawahi kuituma. Nitaituma kwa nani? Wadogo zangu wataniuliza kama ninafanya mzaha.» Hakulalamika. Kazi yake ni halali, imesomesha watoto wa ndugu zake, na tunamheshimu kwa hilo. Lakini alituomba jambo moja: tukirudi, tuwaambie vijana habari za Jumatatu.

Tunatimiza ombi lake hapa. Tunajua familia katika parokia zetu ambazo zimeuza kiwanja, au shamba la urithi, ili kumlipa mtu aliyeahidi viza. Wengine walidanganywa wakabaki bila shamba na bila safari. Wengine walianza njia za jangwani na baharini, na wazazi wao hawajapata habari zao mpaka leo. Picha ya Jumapili, ya mtu aliyesimama mbele ya nyumba za dhahabu, imechangia maamuzi hayo. Anayesafiri kihalali kwa masomo au kazi tunamwombea baraka. Anayeuza urithi wa wadogo zake kwa sababu ya picha, huyo tunamsihi asimame, aulize ya Jumatatu.

Je, huu ni wakati wa kuzungumza habari za matembezi?

Tunajua watakaosema: mji wetu una machungu, kazi hakuna, nanyi mnatusimulia minara ya Wazungu. Hoja hii tunaichukua kwa uzito. Jibu letu ni kwamba kutembelea mji, kwa maana tuliyoieleza, ni kujifunza kuona, na macho hayo yanahitajika zaidi hapa kuliko Bruxelles. Wala viza haihitajiki.

Ni wangapi kati yetu tuliozaliwa Bukavu tuliowahi kuutembelea? Tunapita kila siku chini ya majengo yaliyojengwa wakati mji ulipoitwa Costermansville, jina la afisa mkubwa wa utawala wa Léopold, na hatumwulizi mzee yeyote ni nani walibeba mawe yale. Tunapita Nyawera kwenye msongamano wa magari na pikipiki, mahali alipouawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa tarehe 29 Oktoba 1996, kwa kuwa alikataa kuukimbia mji na kunyamaza. Wangapi husimama hata kwa sala fupi? Wangapi wanajua majina ya watu wa mtaa wao waliokufa katika vita, au waliofukiwa na maporomoko ya udongo kwenye miteremko yetu? Tumelalamika, na kwa haki, kwamba ukuta wa Tervuren haukuwa na jina la Mkongo. Kuta zetu wenyewe zina majina gani?

Kwa hiyo tunapendekeza jambo moja linalowezekana. Kila kikundi cha vijana, Xaveri, Kizito-Anuarite, waimbaji, watumikiaji, kichague Jumamosi moja ambayo hali ya usalama inaruhusu, kitembee katika mtaa wake kwa saa tatu. Kiwe na mzee mmoja anayekumbuka, na daftari moja. Kiulize: nyumba hii ilijengwa na nani, lini, kwa fedha gani? Nani aliishi hapa? Nani aliuawa hapa? Nani alioka mikate, nani alishona, nani alifundisha? Majina yaandikwe kwa usahihi, daftari liwekwe parokiani. Kazi hiyo ni ndogo, na haigharimu kitu. Waliojenga upya ule uwanja wa Bruxelles walianza na watu waliojuana kwa majina na kwa ufundi wao.

Atakayejaliwa siku moja kufika Ulaya atakuwa amejiandaa. Atazitazama nyumba za dhahabu na kusifu kazi ya mafundi, kwa kuwa kazi njema husifiwa kokote iliko. Atalitazama tao na kujua lilijengwa kwa nini. Atapanda tramu mpaka Tervuren, akae kidogo kando ya yale makaburi saba, ataje majina. Na jioni, kabla ya kutuma picha nyumbani, ataandika chini yake maneno machache ya kweli.

*Maswali ya kujadili katika kikundi*

1. Picha tunazopokea kutoka Ulaya zimebadilisha nini katika mipango ya maisha yetu na ya familia zetu?
2. Ni mahali gani katika mtaa wetu pana historia ambayo hatujawahi kuiuliza, na ni mzee gani anayeweza kutusimulia kabla hajatutoka?
3. Ni majina gani tungependa yasisahaulike katika parokia yetu, na nani kati yetu atayaandika?